Njia ya Manyoya

Ishbulat, 14 Machi 1996

Kwa Daktari Nailya Rinatovna, kikosi cha utafiti, Chelyabinsk

Mjukuu wangu Gulyuza alifariki Jumamosi, tarehe 9 Machi, saa nne na robo asubuhi, kwa saratani ya damu. Aliishi siku 4,145. Nimezihesabu mara mbili, pamoja na siku za ziada za miaka mirefu.

Tulimzika siku iliyofuata. Siku ya tatu tulisoma dua, na kabla sufuria za dua hazijakauka akaja tarishi na karatasi yenye mhuri: "Ugonjwa wa mtoto hauna uhusiano na mto." Sahihi tatu. Ya tatu ni yako.

Wewe unanijua. Mimi ni Fakiya, yule uliyenivisha beji mwaka 1993 ukaniita apa, yaani dada mkubwa, kisha mwakilishi wa wananchi. Shule niliiachia darasa la nne, lakini nilipima maziwa ya shamba la ushirika miaka thelathini na mmoja na hakuna karani aliyewahi kunikuta nimekosea lita. Kwa hiyo usinifiche tarakimu kwa kudhani zitanitisha. Nyumba hapa ni 103, watu tulikuwa 412. Sasa ni 411. Wote wanasubiri kamati ya mkoa iseme kama tutahamishwa mbali na mto au tutaachwa. Mkiandika kwamba Gulyuza hahusiki, mnatuandika sote.

Nataka kujua mlimpa namba gani, na mliipataje.

Fakiya Shamsutdinova

*

Chelyabinsk, 2 Aprili 1996

Mpendwa Fakiya-apa,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Namkumbuka Gulyuza. Aliniuliza kama kalamu yangu ina wino wa kijani, na nilipomwambia hapana akanihurumia.

Umeuliza swali la haki, nami nitalijibu kwa utaratibu. Uchafu wa mionzi ambao kiwanda cha huko juu kilimwaga mtoni zamani haupimwi kwa macho. Tunakadiria kiasi kilichomwingia kila mtu kutokana na maisha yake: anakunywa maji gani, anakula nini, anafika mtoni mara ngapi. Majibu hayo tunayatoa kwenye madodoso. Mpaka wa hatari katika kipimo chetu ni 70. Kijiji ambacho wastani wake unapita 70 huhamishwa. Mtu aliye chini ya mpaka, ugonjwa wake hauhesabiwi kuwa umetoka mtoni.

Gulyuza alipata 11. Wastani wa Ishbulat ni 9.

Ni kidogo kwa sababu nyumba zote 103 zilijibu kwamba zinatumia kisima na hazifiki mtoni kabisa. Samahani kulisema hili katika wakati kama huu, lakini madodoso hayo uliyakusanya wewe, na kila moja lina sahihi yako chini.

Kwa heshima na majonzi,
Nailya

*

Ishbulat, 9 Aprili 1996

Nailya,

Nimekuomba maelezo, umenirudishia kikapu changu mwenyewe na kuniambia nichungulie ndani.

Nikukumbushe mlivyokuja. Juni 1993, magari mawili, wewe umevaa viatu vyeupe kwenye tope la mwezi ule. Ukasimama klabuni, ukumbini mwa kijiji, ukasema, "Miaka arobaini mmepimwa kama ng'ombe. Safari hii wananchi wenyewe watashiriki kuhesabu." Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mimi niliuliza karatasi ni ngapi na muda ni siku ngapi. Ukasema 103, siku kumi na nne. Nilimaliza kwa siku kumi na moja, kwa miguu, na magoti haya.

Swali la 14 lilisema: "Je, maji ya mto mnayatumia kwa kunywa au kupikia?" Hatunywi. Hatupikii. Kisima tulichimbiwa kabla sijaolewa. Tulijibu tulichoulizwa. Nani kakutuma uulize swali lenye mlango mmoja kisha ulaumu nyumba kwa kukosa madirisha?

Na wewe ni mtu wetu, ndiyo kinachoniuma. Mrusi akikosea tunasema hajui. Lakini wewe ni Mtatari, ingawa Mtatari wa ghorofani, uliyekua ukidhani bata bukini huzaliwa ndani ya friji akiwa ameshanyonyolewa na kuoshwa.

Kuna kitu hukukisema. Tarehe 17 Agosti 1994 mlileta gari lenye mashine, ile tunayoiita Kiti. Watoto ishirini na sita walikaa mmoja mmoja, dakika ishirini bila kujikuna, mkawapa peremende. Gulyuza alikaa kama mke wa waziri. Kiti hakiulizi maswali, kinampima mtoto mwenyewe. Kilisema ngapi?

Fakiya

*

Chelyabinsk, 6 Mei 1996

Fakiya-apa,

Vipimo vya ile mashine havikuingizwa kwenye ripoti. Mkuu wa kikosi aliamua kwamba gari lilichafuliwa na vumbi la njiani na usomaji wake una kasoro. Siruhusiwi kuvitoa. Tafadhali usiniulize tena jambo hilo kwa barua. Hapa barua hazifiki mezani kwangu zikiwa zimefungwa.

Niruhusu niulize mimi. Umenitania kuhusu bata, nami nilicheka, maana ni kweli. Usiku wa jana maneno yako yamenirudia. Ishbulat ina bata wengi. Wananyonyolewa Novemba. Je, wanaoshwa wapi?

Nailya

*

Ishbulat, 20 Mei 1996

Daktari,

Mimi ni Zilia, mama yake Gulyuza. Mume wangu yuko Kaskazini kwenye visima vya mafuta, na mama mkwe hajui kwamba ninaandika. Jibu lako, kama utajibu, litume kwa dada wa posta, asilipeleke nyumbani.

Barua yako ya mwisho mama aliisoma amesimama. Akaikunja, akaiweka chini ya birika, akaenda bandani akawafungia bata wote. Toka siku hiyo hajawatoa. Wanapiga kelele mpaka jirani kauliza kama tunafuga au tunawatesa. Asubuhi huwa anawahesabu. Juzi alihesabu 138, akarudia akapata 141, akakaa chini juu ya ndoo. Wako 140. Sijawahi kumwona akikosea.

Uliuliza wanaoshwa wapi. Wanaoshwa mtoni. Kila mtu anajua, ndiyo maana hakuna aliyekwambia. Novemba tunafanya ujima, wanawake wote nyumba kwa nyumba, tunanyonyoa na kuimba. Wasichana wanawabeba bata kwa mizegazega, ile miti ya begani yenye mzigo kila ncha, mpaka mtoni, na sisi tunatawanya manyoya njiani mbele yao, ili mwaka ujao bata wawe wengi kama manyoya yale. Kisima hakifai, mtu hawezi kusafisha matumbo ya bata kwenye maji ya kunywa. Waya wa miba wa kuzuia watu wasifike mtoni upo, lakini una pengo. Gulyuza alibeba mara ya kwanza akiwa na miaka sita. Alirudi na viatu vimejaa maji, anacheka, eti samaki wamemsalimia.

Kisha mifupa. Mama huichemsha mara mbili mpaka supu inakuwa nyeupe. Kwetu mtoto dhaifu hupewa hiyo. Alipougua, mama alikuwa akimpelekea hospitali kwa chupa ya chai, anamwekea kikombe, anaondoka ameridhika. Mtoto alikuwa hanywi. Alikuwa ananingoja nimwage. Sikumwaga. Mimi ndiye nilimnywesha, kwa kijiko, kijiko kimoja kwa mama, kingine kwa baba. Machi tarehe 8 alikunywa vijiko sita.

Mama anaamini ni yeye aliyempa. Mwache aamini chochote. Mimi niambie nilimpa nini mwanangu.

Zilia

*

Chelyabinsk, 11 Juni 1996

Fakiya-apa,

Sijapata jibu lako, kwa hiyo nitatangulia mimi. Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa basi.

Kiti kilimsoma Gulyuza 83.

Niliiandika kwa penseli. Jioni ile mkuu alipitia orodha yangu, watoto ishirini na sita, na kumi na tisa kati yao walikuwa juu ya 70. Akaniuliza, "Hawa wanaishi kwenye nyumba zilizojibu nini?" Nikamwambia, "Kisima." Akaniambia, "Basi ama mashine inadanganya, ama kijiji kizima kinadanganya. Chagua." Nilisema mashine. Alinipa kifutio akasimama pale mpaka nilipomaliza.

Nilikuwa nimewaahidi watu klabuni kwamba neno lao litahesabiwa. Nikajiambia kwamba kuchagua dodoso ndiko kuwaheshimu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine ni kwamba mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja.

Tangu wakati huo nimejifunza kuhusu pengo kwenye waya, na kuhusu mizegazega. Usiniulize nimejifunzaje. Sumu ya mto ule ina hila moja: mwilini inajifanya chokaa, inaingia mifupani, ya bata na ya mtu. Mifupa ikichemshwa sana, baadhi yake inatoka.

Bado nina daftari. Penseli ikifutwa huacha alama, na kila namba inasomeka ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Kamati itakaa tarehe 10 Julai. Lakini nikipeleka 83 bila maelezo, watasema alichosema mkuu. Namba inahitaji njia iliyopitia mpaka kumfikia mtoto. Njia hiyo unaijua wewe.

Kwa nini mlificha, apa? Silaumu. Naomba kujua.

Nailya

*

Ishbulat, 23 Juni 1996

Nailya, binti yangu,

Sikufichi tena. Nitaanza na mwaka 1989, maana wewe umeanza katikati.

Machi mwaka ule walikuja watu wa mifugo wa wilaya. Jirani yangu, mjane, alikuwa amemwambia mwandishi mmoja wa gazeti kwamba bata zetu wanalala mtoni. Alisema kweli, basi. Walikuja na magunia na chokaa. Bata 611 wa kijiji kizima kwa siku mbili, wakafukiwa nyuma ya shule. Kila mmoja wetu alipewa karatasi ya kutia sahihi, na mjane akapewa faini kwa kuvuka waya. Watu hawakuhamishwa. Bata walihama, kwenda shimoni, sisi tukabaki palepale, na mto wetu, bila kitoweo. Mimi nilianza upya na mayai kumi na mawili niliyoyabeba kifuani kutoka kijiji cha dada yangu, kilomita arobaini. Kutoka kumi na mawili mpaka 140. Hakuna aliyenisaidia.

Basi wewe ulipokuja na madodoso, nilifanya hesabu ya mtu aliyewahi kuungua. Nilipita nyumba 103, na kwenye kila kizingiti, kabla sijafungua kalamu, nilisema, "Sema kisima." Niliwaambia, "Ukisema mto, watakuja na magunia." Waliosita niliwaandikia mwenyewe. Kijiji hakikudanganya. Nilidanganya mimi, mara 103, kwa mwandiko mzuri.

Njia unayoitaka ni hii. Nyumba 103, kwa wastani bata ishirini: bata 2,060 kila Novemba. Wote wanakula majani ya mtoni kiangazi kizima, na wote wanaoshwa pale. Wasichana waliobeba mwaka juzi walikuwa thelathini na wanne. Gulyuza alibeba Novemba tano, saa tatu kila mara, maji magotini, anachimba tope kwa vidole vya miguu maana wakubwa walimwambia linapasha joto. Saa kumi na tano ndani ya mto ambao dodoso langu linasema hakuwahi kuugusa.

Na supu. Baridi tisa, wiki ishirini na nne, vikombe viwili kwa wiki, ni vikombe 432. Halafu ugonjwa, tangu Oktoba 20 hadi Machi 8, kikombe kila siku, 141. Jumla 573. Nilikuwa nachagua mifupa minene. Alipokuwa anapauka nilikuwa naongeza.

Zilia hahusiki na supu hiyo. Anadhani ilikuwa ya kondoo. Namwona anavyoniangalia siku hizi, kwa huruma tu, kwa kuwa nimezeeka ghafla. Usimwambie.

Wiki mbili hizi nimepita tena nyumba zote. Sikusema "sema mto." Nilisema, "Mara hii sema ulichofanya." Sitini na mmoja wameandika na kutia sahihi. Nakala za karatasi zao zimo humu. Arobaini na wawili wamekataa. Khabir, fundi wa mizinga ya nyuki, alinitolea kiti kabisa, akanimiminia chai ya maziwa, kisha:

"Mwaka 93 ulitufundisha kusema kisima, Fakiya. Sasa unatufundisha kusema mto. Mwakani tuseme nini, bahari?"

"Sema kweli, Khabir."

"Kweli? Kweli tulimpa yule mjane aishike. Uliona alichovuna."

Mama mwingine hakunifungulia mlango. Aliongea kupitia ufa. "Mimi nina binti wa kuozwa. Nikitia sahihi, posa itakuja na mashine! Wewe wako amekwisha kufa, una nini cha kupoteza?"

Niliikunja karatasi nikaenda. Jibu nimelitafuta njia nzima.

Bata nimewachinja wote, 140, nikawafukia kwa chokaa nyuma ya banda, peke yangu, sikuita ujima. Sikungoja magunia. Nimeona niliandike hilo kabla hujaniuliza kama nina faida yoyote katika haya.

Sasa hesabu naiona vizuri. Bila bata, 83 ni kasoro ya mashine na watu 411 wanabaki hapa. Bata wakiandikwa, 83 ni kweli, mlango wa kuhama unafunguka, na itasomwa mbele ya kamati, kwa jina, kwamba sumu ilitoka mtoni ikapita mkononi mwa bibi yake, ikaingia kikombeni. Iandike. Andika Fakiya binti Shamsutdin, mpima maziwa. Usiandike "mkazi mmoja." Wala msiandike kwamba wananchi walishirikishwa wakakosea. Kiwanda kilimwaga, ofisi ikafuta, mimi nikanyamazisha. Watu watatu, kila mmoja na kazi yake.

Novemba inakuja. Wasichana thelathini na watatu waliobaki wameanza kuulizana nani atashika mzegazega wa Gulyuza. Mmoja alikuja kuniomba juzi, kwa adabu, mikono nyuma. Miaka saba. Nimemwambia umevunjika. Upo, nyuma ya mlango.

Maswali yangu ni mawili, na yote ni ya ndiyo au hapana.

La kwanza: je, tarehe 10 Julai utaliweka lile daftari mezani, na sahihi yako chini ya 83 kama ilivyokuwa chini ya 11?

La pili ni langu peke yangu. Usinieleze habari za asilimia, nazijua asilimia. Usiniambie pole. Je, ni supu?

Ijumaa, tarehe 5 Julai, saa sita kamili mchana, nitakuwa nimesimama posta ya Ishbulat karibu na simu. Laini yetu hukatika baada ya dakika tatu. Maneno mawili hayahitaji hata moja. Ikifika saa sita na nusu hujapiga, nitajua la kwanza ni hapana, na nitapanda basi la saa saba na karatasi zangu sitini na moja kwenda kusimama mlangoni kwa kamati mwenyewe. Lakini la pili hakuna mlango mwingine wa kuliulizia. La pili nijibu wewe.

Fakiya